Kurudi Mjini Baada ya Tauni: London ya 1665 na Riwaya za Mji Ulioharibika

Historia za maradhi makuu aghalabu huandikwa kwa mtindo mmoja. Huanza na mgonjwa wa kwanza, hufuata kupanda kwa hesabu ya vifo hata kileleni, kisha hushuka pamoja na hesabu hiyo mpaka juma lile ambalo hakuzikwa mtu. Hapo kalamu huwekwa chini. Lakini mji haufungwi wala haufunguliwi kwa hesabu peke yake. Baada ya maiti wa mwisho kuzikwa hubaki kazi nyingine isiyo na tarakimu: waliokimbia hurudi, waliofungiwa hutoka, na watu waliozoea kuogopana hutakiwa kusimama tena bega kwa bega sokoni, kanisani na mahali pa starehe. Kazi hiyo ni sehemu ya msiba kama homa yenyewe. Walakini wenye kuweka kumbukumbu waliiandika kwa uchache, na walioiandika kwa wingi ni watunzi wa riwaya, tena baada ya miaka mingi kupita.

Makala haya yatazama jambo hilo katika mji wa London, kuanzia tauni ya mwaka wa 1665 hata kurudi kwa watu mjini baada ya UVIKO-19. Dai lake ni hili: riwaya za mji ulioharibika, ambazo hudhaniwa kuwa utabiri wa maangamizi, kwa asili yake ni habari za kurudi. Swali lililofichwa ndani yake ni deni ambalo waliorudi wanalo kwa waliobaki.

Kabla ya kuingia London yafaa kusimama kidogo katika maneno. Neno "tauni" limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu. Neno "karantini" lina safari ndefu zaidi. Mwaka wa 1377 mji wa Ragusa, ambao leo huitwa Dubrovnik, uliamuru wageni watokao katika nchi zenye maradhi wakae kando siku thelathini kabla ya kuingia mjini. Baadaye muda huo uliongezwa ukawa siku arobaini, na kutokana na hesabu ya arobaini katika Kiitaliano likazaliwa neno ambalo Waingereza walilichukua, na Waswahili wakalipokea kwao.

Msemaji wa Kiswahili alipolipokea alikuwa na arobaini yake tayari. Katika desturi za pwani mzazi hukaa ndani siku arobaini baada ya kujifungua, kisha hutolewa. Marehemu husomewa arobaini yake. Na mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, na siku ya kutoka eda hujulikana kwa jamaa wote. Desturi hizi hazikuwekwa kwa ajili ya maradhi ya kuambukiza, wala si haki kuzichanganya na karantini. Hata hivyo zafundisha jambo moja. Kutengwa kuna mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, na huu wa pili nao wahitaji watu wake, maneno yake na siku yake. London ya 1665 iliujua mlango wa kwanza vizuri sana. Wa pili iliupapasa gizani.

Mji huo ulikuwa na watu baina ya laki nne na laki tano wakati tauni ilipoenea katika masika ya 1665. Chanzo chake hakikujulikana na mtu yeyote. Vijidudu vyenyewe vilitambuliwa Hong Kong mwaka wa 1894 na Alexandre Yersin, ambaye jina lake ndilo linalovitaja mpaka leo katika elimu ya tiba. Wakati ule watu walilaumu hewa mbaya, nyota na dhambi, na mbwa na paka wakauawa kwa wingi kwa kudhaniwa kuwa wabebaji wa maradhi. Nyumba iliyoingiliwa na ugonjwa ilifungwa pamoja na wote waliokuwamo, wagonjwa na wazima, mlango ukatiwa alama ya msalaba mwekundu na maneno ya kuomba rehema ya Mungu, na walinzi wakawekwa usiku na mchana. Amri nyingine zilitaja kifungo cha mwezi mmoja, na nyingine siku arobaini.

Aliyekuwa na mali, gari na ndugu shambani aliondoka. Mfalme Charles II aliondoka pamoja na baraza lake, akakaa Hampton Court, kisha Salisbury, kisha Oxford. Matajiri, mawakili, makasisi wengi na waganga wengi walifuata njia hiyo hiyo. Kati ya wakubwa waliobaki walikuwa meya wa mji, Sir John Lawrence, na George Monck, mtawala wa Albemarle, ambaye aliachiwa ulinzi. Kati ya waganga alibaki Nathaniel Hodges, ambaye alichapisha habari za tauni ile kwa Kilatini mwaka wa 1672. Lakini wengi waliobaki walibaki kwa sababu hawakuwa na pa kwenda: watumishi walioachwa na mabwana zao, wachukuzi, wachimba makaburi, wauguzi wa kukodiwa, na wanawake wazee walioajiriwa kwa malipo madogo kuwatazama maiti na kusema wamekufa kwa ugonjwa gani.

Kutokana na maneno ya wanawake hao, makarani wa makanisa walitengeneza orodha za vifo zilizochapwa kila juma. Juma lililokwisha tarehe 19 Septemba 1665 lilitajwa kuwa na watu 7,165 waliouawa na tauni. Jumla ya mwaka mzima ilitajwa kuwa 68,596, na wanahistoria wanakubaliana kwamba hesabu ya kweli ilikuwa kubwa zaidi, labda watu laki moja, kwa kuwa vifo vingi vilifichwa na wafu wa madhehebu mengine hawakuandikwa vizuri. Hapa pana jambo la kuangaliwa na wachunguzi wa maandishi. Waliokimbia waliandika barua. Waliobaki waliandikwa kuwa hesabu. Kwa hiyo mtu atafutaye sauti ya mji katika miezi ile mibaya hukuta sauti nyingi zikitoka nje ya mji.

Shahidi aliye bora kuliko wote, Samuel Pepys, alisimama katikati. Alikuwa karani katika ofisi ya jeshi la wanamaji; alimpeleka mkewe Woolwich mwezi wa Julai, na yeye mwenyewe akahamia huko mwishoni mwa Agosti, kisha akafanya kazi Greenwich pamoja na ofisi yake, akiingia mjini mara kwa mara kwa shughuli. Kila siku aliandika shajara yake kwa hati mkato. Katika Septemba, wakati vifo vilipokuwa vingi mno, alivaa nywele za bandia alizozinunua siku za nyuma na hakuthubutu kuzivaa, akajiuliza desturi hiyo itakuwaje tauni ikiisha, maana nani atanunua nywele akijua huenda zimekatwa katika kichwa cha mtu aliyekufa kwa tauni? Ni swali dogo la mtu mpenda mavazi. Lakini ndani yake mna swali lote la kurudi mjini. Mtu anayerudi hukuta vitu vile vile alivyoviacha, na hajui tena vimepita mikononi mwa nani.

Pepys alirudi nyumbani kwake mjini Januari 1666. Tarehe 30 ya mwezi huo aliingia katika kanisa la mtaa wake kwa mara ya kwanza tangu alipoondoka, akaona jinsi makaburi yalivyojaa na kuinuka juu katika uwanja wa kanisa. Akaandika kwamba hofu iliyomshika ilikuwa kubwa kuliko alivyotazamia. Mtu huyu alikuwa ameishi miezi mingi karibu na tauni, alisoma orodha za vifo kila juma, na alikutana na maiti njiani. Hofu yake kubwa ilimjia wakati hatari ilipokuwa imepungua, katika mahali alipopafahamu. Mfalme naye alirudi mwanzo wa Februari. Maduka yakafunguliwa, magari yakarudi njiani. Wahenga wa Kiswahili wamesema kifo cha wengi harusi, na mwenye kuitazama London ya majira yale kwa mbali angedhani kweli ni harusi.

Kisha ukaja moto. Kuanzia tarehe 2 Septemba 1666, kwa muda wa siku nne hivi, moto uliteketeza nyumba zipatazo 13,200 na makanisa 87 ya mitaa. Mji ambao watu walikuwa wameurudia ukaondoka mbele ya macho yao, na katika kumbukumbu ya watu msiba wa pili ukaufunika wa kwanza. Moto ulipata mnara wake mrefu wa mawe, tauni haikupata. Tarehe 20 Novemba 1666 iliwekwa kuwa siku ya kumshukuru Mungu kwa kwisha kwa tauni mjini. Pepys aeleza kwamba watu walinong'ona kuwa siku hiyo imeharakishwa, kwa sababu wagonjwa wachache walikuwa wakifa bado. Walisema ilitakiwa michezo ya kuigiza ianze tena, na maaskofu hawakukubali ianze kabla tauni haijakwisha. Majumba ya michezo yalikuwa yamefungwa tangu Juni 1665.

Manung'uniko hayo yana thamani kwa mwanahistoria. Yaonesha kwamba mji ulipewa siku ya kutoka, lakini wenye mji hawakuiamini. Ilikuwa siku ya serikali na ya wacheza michezo. Kwa mchimba makaburi na kwa mwanamke aliyewatazama maiti haikuwa na neno. Hapo ndipo mlango wa pili ulipobaki nusu wazi, na ukabaki hivyo zaidi ya nusu karne.

Mwaka wa 1720 tauni iliingia Marseille, katika Ufaransa, kwa jahazi lililotoka mashariki ya bahari ya Mediterania, ikaua makumi ya maelfu ya watu. Hofu ikavuka bahari. Kitabu cha Hodges kikafasiriwa kutoka Kilatini kuwa Kiingereza mwaka huo huo, na bunge likapitisha sheria mpya ya karantini. Aliyeumwa na nyoka, akiona ung'ongo hushtuka. Katika Machi 1722 kikatoka kitabu A Journal of the Plague Year, bila jina la mtunzi, kikidai kuwa kumbukumbu ya raia mmoja aliyebaki London muda wote wa tauni ya 1665. Mtunzi alikuwa Daniel Defoe. Wakati wa tauni ile alikuwa mtoto wa miaka mitano hivi.

Wachunguzi wameshindana sana kama kitabu hicho ni historia au riwaya. Hesabu zake zimetoka katika orodha halisi, na amri zake ni amri zilizochapwa. Msemaji wake, fundi wa matandiko ya farasi ajulikanaye kwa herufi mbili tu, H.F., amebuniwa. Lakini la maana kuliko shindano hilo ni uchaguzi wa msemaji. Defoe angeweza kumchagua mganga, kasisi au diwani. Alimchagua fundi wa kadiri, jirani wa mtaa wa Aldgate, ambaye ndugu yake alimsihi akimbie naye akabaki. Yaani alichagua kusema kwa kinywa ambacho kumbukumbu za kweli zilikinyima maneno.

Kitabu hicho hakikomi kwenye kilele cha vifo. Kurasa zake za mwisho ni za kurudi, nazo hazina furaha. H.F. asimulia kwamba watu waliposikia tu hesabu imeshuka walitupa tahadhari yote: wakafungua maduka, wakaingiliana, wakasogeleana na wenye vidonda vibichi bila kuuliza. Wengi waliorudi haraka waliugua, na katika juma la kwanza la Novemba hesabu ikapanda tena. Asimulia pia magomvi ya waliobaki na waliokimbia. Makasisi waliorudi walikuta watu wamezoea wahubiri wengine. Waganga waliorudi waliitwa watoro, na wengine walikuta maneno ya dhihaka yamebandikwa milangoni kwao. Kwa mtu aliyebaki ingekuwa rahisi kujiunga na dhihaka hiyo. H.F. hakufanya hivyo; aliwataka watu wawe na huruma, akisema si kila mtu ana moyo wa kuikabili hatari kama ile. Kisha, alipoanza kuorodhesha utovu wa shukrani wa mji uliopona, alijizuia, asije akaonekana mkali wa kuhukumu bila haki.

Kujizuia huko ndiko kunakokipa kitabu uzito wake. Katika hukumu ya H.F. mna pande mbili zisizokubali kutenganishwa: aliyekimbia asamehewe, na aliyebaki asisahauliwe. Mji uchukuao la kwanza na kuliacha la pili hurudi kwa wepesi, lakini hurudi kwa kusahau. Na uchukuao la pili na kuliacha la kwanza haurudi kamwe, maana wenyewe kwa wenyewe hawatasalimiana.

Shajara ya Pepys, ambayo Defoe hakuiona, ilikaa katika hati mkato hata ikachapwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1825. Mwaka uliofuata Mary Shelley alichapisha The Last Man. Yeye alikisoma kitabu cha Defoe, na alikuwa na misiba yake mwenyewe: watoto wake watatu walikuwa wamekufa wangali wadogo, mumewe, mshairi Percy Bysshe Shelley, alizama baharini mwaka wa 1822, na rafiki yao Byron alikufa Ugiriki mwaka wa 1824. Riwaya yake imewekwa mwishoni mwa karne ya 21. Maradhi yaenea nchi baada ya nchi. Waingereza waliosalia wanaiacha nchi yao. Na mwishowe abaki mtu mmoja, Lionel Verney, ambaye aingia Rumi peke yake.

Hapa mambo ya London yamepinduliwa. Katika 1666 watu walirudi, nao walikuwa wageni kwa wenzao. Katika riwaya ya Shelley mtu arudi katika mji mkuu wa dunia ya kale, na nyumba zote zimesimama, lakini hapana wa kuwa mgeni kwake. Anaweza kulala katika jumba lolote na kuchukua kitabu chochote. Miji yote ni yake, na kwa sababu hiyo hapana mji. Njiani kwenda Rumi aliandika kwa rangi nyeupe, katika lugha tatu, kwamba Verney, wa mwisho wa Waingereza, amekwenda kukaa Rumi, kama kwamba atatokea mtu wa kusoma. Hatimaye aandika kitabu kizima na kukitoa kwa wafu. Mwandishi huyo wa kubuniwa amebeba hali ya kila aliyebaki: ana habari yote, wala hana wa kumpa. Wakosoaji wa wakati wake walikipokea kitabu hicho kwa ubaya. Kilichapwa upya mwaka wa 1965, na tangu hapo kimepata wasomaji waliokielewa.

Riwaya ya tatu ni fupi, nayo yawahusu hasa wanaoshughulika na lugha. Mwaka wa 1912 Mmarekani Jack London alichapisha The Scarlet Plague. Mji wake ni San Francisco, ambao ulikuwa umeonja tauni ya kweli kati ya 1900 na 1904. Katika hadithi maradhi yautokea ulimwengu mwaka wa 2013, na miaka 60 baadaye mzee aliyekuwa mwalimu wa chuo kikuu awasimulia wajukuu wake habari za mji, wakiwa wamevaa ngozi na kuchunga mbuzi ufukoni. Vijana hawamwamini, na sababu yao ni ya lugha. Neno alitumialo mzee kwa wekundu wa maradhi yale wao hawalijui. Kwao chekundu ni chekundu, na jina la pili ni upuuzi wa wazee. Hesabu kubwa nazo hawazijui. Ili kuwaeleza idadi ya watu waliokuwa wakikaa mjini, mzee apanga kokoto, kombe, meno na mafuvu juu ya mchanga, kila kitu kikisimama badala ya kiasi fulani.

Mwenye kukumbuka orodha za vifo za 1665 ataona ukali wa picha hiyo. Kwa makarani wa London watu waligeuka tarakimu. Kwa mzee huyu tarakimu zimegeuka mafuvu, kwa kuwa maneno yake yamekufa pamoja na mji. Mji mkubwa ni ghala ya maneno. Majina ya kazi, ya rangi, ya vyakula, ya njia na ya vyeo huishi kwa sababu watu wengi wasiojuana hukutana na kuyahitaji. Wakiacha kukutana, maneno hukonda kabla nyumba hazijaanguka.

Mambo haya yalisomwa kwa macho mapya kuanzia mwaka wa 2020. Tarehe 16 Machi majumba ya michezo ya London yalifungwa kama yalivyofungwa katika 1665, na tarehe 23 watu waliamriwa wasitoke majumbani ila kwa haja maalumu. Wenye nyumba shambani walikwenda shambani. Wenye kazi za mezani walizifanyia chumbani. Waliobaki katika njia za mji walikuwa wauguzi, wafagizi, wauza vyakula, wapeleka mizigo na madereva wa mabasi, na makumi ya madereva hao walikufa kwa UVIKO-19. Katika miezi hiyo vitabu vya miji iliyoharibika vilitafutwa sana. Riwaya ya Albert Camus kuhusu tauni ya Oran, iliyotoka mwaka wa 1947, ikanunuliwa upya katika nchi kadhaa kana kwamba ni habari ya juzi. Tarehe 19 Julai 2021 karibu vizuizi vyote vya sheria viliondolewa Uingereza, na majumba ya michezo yakaruhusiwa kujaza viti vyote.

Wengine walishangaa kwamba watu waliochoka na maradhi walisoma maradhi. Mfano wa 1722 wasaidia kuondoa mshangao. Mwenye kovu usidhani kapoa. Msomaji wa riwaya hizo alikuwa akitafuta mahali pa kuweka hofu ambayo siku ya kufunguliwa haikuiuliza: hofu ya Pepys mbele ya makaburi ya kanisa lake, hofu ya kugusa kilichoguswa, na haya ya kukutana tena na dereva yule yule aliyeendesha basi tupu. Watu wengine hawakungoja kitabu. Mwishoni mwa Machi mwaka wa 2021, jamaa za waliokufa walianza kuchora mioyo myekundu kwa mikono yao juu ya ukuta ulio kando ya mto Thames, ng'ambo ya bunge, moyo mmoja kwa kila marehemu, ikazidi laki moja na nusu. Hapo tarakimu ilifanywa tena kuwa alama ya mtu mmoja mmoja.

Msomaji wa Kiswahili si mgeni wa fasihi ya namna hii. Shaaban Robert alizitumia nchi za kubuni katika Kusadikika (1951) na Kufikirika (1967) ili kuihukumu nchi ya kweli. Euphrase Kezilahabi, katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), alimtembeza mtu katika ulimwengu uliovunjika akitafuta maana. Na Kyallo Wadi Wamitila, katika Bina-Adamu! (2002), alifanya safari kama hiyo duniani kote. Lakini liko jambo ambalo mfano wa London wawaelekeza wachunguzi wa lugha kulitazama. Miaka ya UVIKO-19 iliingiza au iliimarisha katika Kiswahili maneno mengi ya mlango wa kuingilia: barakoa, karantini, kujitenga, kutakasa mikono, kukaa mbalimbali. Maneno ya mlango wa kutokea ni machache. Mtu "alifunguliwa" kama mfungwa, au "alirudi" kama msafiri, ilhali hakuwa mfungwa wala msafiri. Arobaini na eda zaonesha kwamba lugha hii ina akiba ya kusemea kutoka. Yafaa wakusanyaji waulize, huko mijini na vijijini, watu walikuwa wakisemaje walipopeana mikono kwa mara ya kwanza tena, na waliwaitaje wale waliokuwa wakifanya kazi muda wote.

Haja ya kuuliza mapema yaonekana katika habari moja ya mwisho. Ndani ya kitabu cha Defoe mna maelezo mafupi yasemayo kwamba mwandishi wa kumbukumbu hizo, H.F., amezikwa kwa ombi lake mwenyewe katika uwanja wa makaburi ulio Moorfields, karibu na njia ya Old Bethlem. H.F. ni mtu wa kubuniwa, lakini uwanja huo ni wa kweli. Mwaka wa 2015, kwa ajili ya ujenzi wa kituo kipya cha reli chini ya Liverpool Street, ulifukuliwa na wataalamu wa mambo ya kale, ikatolewa mifupa ya watu zaidi ya 3,000. Katika meno ya baadhi yao, waliokuwa wamezikwa pamoja katika shimo moja, zilipatikana chembe za urithi za vijidudu vya tauni, na habari hiyo ikatangazwa Septemba 2016. Ndiyo mara ya kwanza kuthibitishwa kwa njia hiyo kwamba maradhi ya 1665 yalikuwa tauni kweli. Reli yenyewe, iitwayo Elizabeth, ilifunguliwa tarehe 24 Mei 2022, wakati watu wa London walipokuwa wakirudi maofisini mwao.

Basi waliorudi mjini mwaka ule walipita katika ardhi iliyotolewa wafu wa tauni iliyotangulia, na majina ya wengi wa wafu hao hayajulikani. Elimu iliweza kusema waliuawa na nini. Haiwezi kusema kama walibaki kwa hiari au kwa kukosa nauli, walimuuguza nani, wala walimngoja nani arudi. Hayo yalikuwa yakijulikana katika 1666 na kila jirani wa mtaa, na mtu angaliweza kuyaandika kwa gharama ya wino tu. Yalipotea kwa sababu siku ya kushukuru ilikuja kabla ya siku ya kuuliza.